Mabawa Yaliyopita Kindu kwa Treni

Mwanzoni mwa mwaka 1916 masanduku makubwa ya mbao yaliteremshwa melini huko Matadi, karibu na mdomo wa Mto Kongo, yakaanza safari ya kuikata nchi nzima hadi Ziwa Tanganyika. Ndani yake mlikuwa na ndege nne za majini aina ya Short 827. Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilikuwa limewapa Wabelgiji ndege hizo ili wapambane na Wajerumani waliolishika ziwa kutoka bandari ya Kigoma. Ziliingia Maniema, sehemu yetu ya Kongo, zikiwa vipande vipande: mabawa kwenye sanduku lake, mkia kwake, injini kwake, maboya kwake.

Njia yenyewe ilikuwa hii. Treni kutoka Matadi hadi Léopoldville, meli ya mto hadi Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kisha treni tena kuyakwepa maporomoko hadi Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu. Hapo mzigo ulipakiwa melini hadi Kindu. Kutoka Kindu reli ilishika ukingo wa magharibi wa Lualaba, ikapita Kibombo na Samba, ikafika Kongolo. Kutoka Kongolo meli hadi Kabalo. Na kutoka Kabalo reli mpya iliyokamilika mwaka 1915 ikapanda hadi ziwani. Kila reli ilipokoma na mto kuanza, masanduku yalihamishwa kwa mikono ya watu. Marubani wa Kibelgiji wana majina na picha katika kumbukumbu za vita. Waliobeba mabawa yale mabegani hawana. Historia ya urubani kwa kawaida huandikwa kama habari za watu walioshika usukani, lakini katika sehemu yetu ya Kongo ilianza na watu walioshika mzigo, na wao ndio wa kwanza kujua kwa mwili wao kwamba bawa la ndege ni kitu chepesi kuliko ukubwa wake.

Salamabila, huku kwetu Maniema, haikuwa kwenye reli hiyo. Iko ng'ambo, mashariki ya Lualaba, katika eneo la Kabambare, Tanganyika ikiwa upande wa macheo na Kasongo upande wa machweo. Lakini ilikuwa katika nchi ambayo swali la usafiri lilishaitesa tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na ya watumwa ilivuka ziwa kutoka Ujiji, ikapanda Kabambare, ikaendelea hadi Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi humfahamu kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Kiswahili tunachokizungumza huku kilikuja kwa njia hiyo, kwa miguu. Mzigo wowote uliohitajika huku ulipimwa kwa mgongo wa mtu: kama hauwezi kubebwa, haufiki.

Ndege haikuliondoa swali hilo. Ililihamisha kutoka mgongoni hadi hewani. Hewa nayo hupokea uzito kwa kipimo, na kipimo chake katika nchi ya joto si sawa na kile walichozoea watengenezaji wa ndege wa Ulaya. Somo hilo, ambalo leo kila mwanagenzi wa urubani hulisoma katika wiki zake za mwanzo, lilipatikana kwa gharama kubwa pwani ya Waswahili mwaka mmoja kabla ya masanduku kupita Kindu.

Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Wakamkodi rubani wa kiraia kutoka Durban, H. Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege ya majini aina ya Curtiss. Aliiona meli, lakini Desemba injini yake ilimwangusha akatekwa. Februari 1915 zikaletwa ndege mbili za Sopwith. Hizo zilikuwa nzima, zina injini, zina mafuta, zina marubani hodari. Zilichokosa ni uwezo wa kunyanyuka. Chini ya jua la Rufiji hazikuweza kupanda zikiwa na rubani, mwenzake na mabomu. Gundi ilibanduka, mbao zikapinda, rafadha zikaharibika. Zikafuata ndege za Short, nazo zikapiga picha za meli lakini zikashindwa kupanda juu vya kutosha kuwa salama. Ni mpaka Juni 1915, zilipofika Mafia ndege za nchi kavu aina ya Caudron na Henri Farman, hizi za pili zikiwa na mifupa ya chuma badala ya mbao, ndipo kazi ikawezekana. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Arnold waliruka juu ya delta wakielekeza mizinga ya meli za Kiingereza kwa telegrafu. Ndege yao ilipigwa, na walipokuwa wakiteremka bila injini Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Königsberg ikaangamia siku hiyo. Wajerumani wakaitoa mizinga yake mtoni na kuisambaza kwenye medani nyingine. Mmoja ulisafirishwa hadi Kigoma ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen.

Kwa nini Sopwith zilikataa? Nguvu inayoinua ndege, ambayo vitabu vya fizikia huiita kani ya kuinua, hutegemea mambo manne: hewa ina uzito gani katika kila mita ya ujazo, bawa lina eneo gani, linapita hewani kwa kasi gani, na linakutana na hewa kwa umbo na pembe ipi. Matatu ya mwisho yako mikononi mwa mtengenezaji na rubani. La kwanza ni la Mungu na la hali ya hewa. Usawa wa bahari, katika nyuzi 15 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225. Hiki ndicho kipimo ambacho wahandisi hukichukua kama kawaida. Katika nyuzi 32 pale Rufiji hewa hiyohiyo imetanuka, na uzito wake umeshuka hadi karibu kilo 1.16. Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Lakini si bawa peke yake linaloumia. Injini nayo huvuta hewa ili kuunguza mafuta. Ikipata hewa nyepesi hutoa nguvu pungufu. Na rafadha, lile panga la mbele linalozunguka, ni bawa pia, bawa linalopita hewani kwa mduara. Hewa ikiwa nyepesi nalo hushika kidogo. Ni hasara tatu kwa mpigo mmoja, na ndege ya mwaka 1915 haikuwa na akiba ya kulipia hata mbili.

Ziwa Tanganyika ni gumu zaidi ya Rufiji, kwa sababu juu ya joto kuna mwinuko. Uso wa maji yake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mchana wenye nyuzi 30, mita ya ujazo ya hewa ya hapo ina uzito wa kama kilo 1.06, pungufu ya asilimia 13 kuliko kipimo cha kawaida. Marubani wana njia nyingine ya kulieleza jambo hili: huuliza ndege inajihisi iko juu kiasi gani. Pale ziwani mchana inajihisi iko kama mita 1,500, ingawa maboya yake yanagusa maji. Na kama kumenyesha na misitu inatoa mvuke, hali huwa mbaya kidogo zaidi. Watu wengi hudhani hewa yenye unyevu ni nzito kwa sababu hutuelemea mwilini. Ni kinyume chake: mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo unapoingia mahali pake, mchanganyiko wote unapungua uzito.

Wabelgiji waliziunga ndege zao kando ya ziwa dogo la Tongwe, karibu na Mtoa, kwa kuwa mawimbi ya Tanganyika yangeyavunja maboya. Hebu tuitazame Short 827 ikifunguliwa sanduku kwa sanduku, kwa maana sehemu zake ndizo sehemu za ndege yoyote.

Kwanza kiwiliwili, fremu ndefu ya mbao inayobeba injini mbele, watu katikati na mkia nyuma. Kisha mabawa, jozi mbili, juu na chini, yenye upana wa mita 16.4 kutoka ncha hadi ncha, mifupa ya mbao iliyovikwa kitambaa na kupakwa rangi ya kukikaza. Kati ya bawa la juu na la chini zimesimama nguzo, na kati ya nguzo zimevutwa nyaya; fundi akilegeza waya mmoja kupita kiasi, bawa linapinda na ndege inavuta upande. Injini ya Sunbeam ina nguvu za farasi 150. Chini hakuna magurudumu bali maboya mawili makubwa, boya dogo chini ya mkia na mengine ncha za mabawa. Ndege nzima ikijaa ina uzito wa kilo 1,542 hivi, na mbio zake za mwisho hazifiki kilomita 100 kwa saa.

Mkia ndio sehemu ambayo wageni wa ndege huidharau. Una vibawa viwili vya kulala na kimoja cha kusimama, na kazi yake ni kuiweka ndege isiyumbe. Nyuma ya vibawa vya kulala kuna ubao wenye bawaba unaopanda na kushuka: rubani akivuta usukani, ubao hupanda, mkia husukumwa chini, pua ikainuka. Nyuma ya kibawa cha kusimama kuna usukani wa mkia unaozungushwa kwa miguu, unaopeleka pua kushoto au kulia. Na kwenye ncha za mabawa makubwa kuna elaironi, vipande vinavyofanya kazi kinyume, kimoja kikipanda kingine kinashuka, ndege ikalala upande. Pande hizo tatu za mwendo ndizo ndugu Wilbur na Orville Wright wa Marekani walizojifunza kuzitawala kwa nyiririko zao za mwaka 1902, kabla hawajaweka injini yoyote. Wengine waliotangulia walikuwa na injini kubwa kuliko yao. Walichokosa ni kuitawala ndege ikiwa hewani, na wengine walikufa kwa ajili hiyo.

Sasa bawa lenyewe. Kuna maelezo ambayo bado yanafundishwa madarasani na yanapaswa kuachwa: kwamba hewa ya juu ya bawa husafiri njia ndefu, hivyo hukimbia ili ikutane na ile ya chini kwa wakati mmoja. Hakuna sheria yoyote inayoilazimisha hewa kukutana, na vipimo vinaonyesha kwamba ya juu hufika mapema kuliko ya chini. Jambo lenyewe ni hili. Bawa lililoinuliwa mbele kidogo hulazimisha hewa kuinama na kuelekea chini. Kanieneo juu ya bawa hupungua, chini yake huongezeka, na tofauti hiyo ndiyo inayolisukuma bawa juu. Ukiitazama kwa jicho la Newton, bawa limeitupa hewa chini na hewa imelirudishia bawa msukumo. Ukiitazama kwa jicho la Bernoulli, hewa inayokwenda mbio juu ina kanieneo ndogo. Ni tukio moja linalopimwa kwa njia mbili, na mwanagenzi asikubali kuingizwa katika ubishi wa kuchagua upande.

Kuongeza pembe ya bawa huongeza kuinuka, lakini kuna mpaka. Mabawa mengi yakipita takriban nyuzi 15 dhidi ya upepo unaoyakabili, hewa ya juu haiwezi tena kufuata mgongo wa bawa. Inabanduka, inavurugika, na kani ya kuinua inaporomoka ghafla huku ukinzani ukizidi. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Bawa ndilo lililoacha kazi. Dawa yake huikera silika ya binadamu, kwa kuwa ndege inaanguka na rubani anatakiwa kuishusha pua, si kuivuta. Rubani wa Tongwe aliyetaka kuepuka miti ya ufuko akiwa na hewa ya kilo 1.06 alisimama karibu sana na mpaka huo kila alipoondoka.

Na kuondoka majini kuna adui mwingine. Mwanzoni maboya yanalima maji, na ukinzani wa maji ni mkubwa kuliko wa hewa kwa mbali. Ndege lazima ipate mwendo wa kutosha ipande juu ya maji na kuteleza. Ziwa likiwa tulivu kama lile la Tongwe, maji hung'ang'ania sehemu ya chini ya maboya. Vijiwimbi vidogo vingeyasaidia kubanduka. Kwa hiyo Tongwe iliwapa Wabelgiji usalama wa kuegesha lakini ikawatoza wakati wa kuruka. Ilikuwa mwezi Mei 1916 ndege ya kwanza ilipopaa kutoka hapo.

Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mtazamaji wake Collignon walivuka ziwa, safari ya zaidi ya saa moja juu ya maji matupu kwa injini moja, wakaangusha mabomu Kigoma wakiilenga Graf von Götzen, ile iliyopewa mzinga wa Königsberg. Mwishoni mwa Julai Wajerumani wakauacha mji na kuizamisha meli yao wenyewe. Waingereza waliiibua baadaye, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, meli ambayo watu wa pande zote za ziwa wanaijua. Behaeghe hakuiona ikirudi. Aliugua, akafariki Desemba 1916 huko Niemba, kwenye reli ileile iliyoleta ndege yake, akiwa na miaka 26.

Baada ya vita Wabelgiji walijaribu kuifanya ndege kuwa chombo cha abiria na barua. Kuanzia 1920 hadi 1922 shirika lililobeba jina la Mfalme Albert liliendesha ndege za majini za Lévy-Lepen kutoka Léopoldville hadi Stanleyville kwa kuufuata mto, kwa hekima iliyo wazi: injini ikizimika, kiwanja kiko chini yako muda wote. Maniema haikuguswa. Kisha Februari 1925 Edmond Thieffry, pamoja na Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker, waliondoka Brussels kwa ndege ya Handley Page yenye injini tatu, wakatua Léopoldville tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51. Muda waliokuwa hewani ulikuwa takriban saa 75. Siku zilizobaki zililiwa na matengenezo, hali ya hewa na kungoja vipuri. Anayesafiri leo kati ya Kindu na Kasongo ataitambua hesabu hiyo.

Kilichovileta viwanja vya ndege katika misitu yetu kilikuwa madini. Dhahabu ilipatikana Namoya mwaka 1930, katika vilima vya Salamabila. Watu walichimba mchanga wa mito na udongo wa miteremko, kisha kampuni ya Cobelmin ikachimba kuanzia 1947 hadi 1961. Huko Kalima kulikuwa na bati. Kampuni zilikata viwanja vya udongo ili mabosi, mishahara na dhahabu visipite barabarani, na mpaka leo ukiangalia ramani ya viwanja vidogo vya Kongo Mashariki utaona kwamba vingi viko karibu na mgodi au misheni. Vilijengwa kwa ajili ya kutoa kitu au kuleta mtu fulani, si kwa ajili ya mama mjamzito wa kijijini. Hilo limebadilika kidogo tu, na mimi naliona kuwa dosari kubwa ya usafiri wetu wa anga.

Maniema pia imeifahamu ndege kwa sura ya msiba. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za C-119 za jeshi la anga la Italia, zikiwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, zilitua Kindu na shehena kwa ajili ya wanajeshi wa Malaya waliokuwa wakilinda amani hapo. Waitaliano wote 13 waliuawa na askari waasi. Walikuwa marubani, mafundi na wapakiaji, hawakuja kupigana. Miaka mitatu baadaye, wakati wa vita vya waasi wa Simba, ndege zilizosikika juu ya nchi zetu zilikuwa za kushambulia, na wazee waliokulia wakati huo hawakuinua macho kwa furaha waliposikia injini.

Karibu na wakati wetu, kampuni ya Banro ya Kanada iliufungua tena mgodi wa Namoya, na vilima kama Mwendamboko, Kakula na Muviringu vikaingia katika taarifa za masoko ya hisa. Uzalishaji wa kibiashara ulitangazwa kuanza Januari 2016. Barabara hazikuwa salama. Machi 2017 wafanyakazi watano wa mgodi walitekwa, wakaachiliwa baadaye. Julai 2019 wengine wanne wakatekwa, na mwaka huohuo kampuni ikasimamisha shughuli. Katika hali hiyo kiwanja cha ndege cha Namoya kilikuwa mlango ulio wazi wakati milango mingine imefungwa.

Ndege inayojulikana zaidi kwenye viwanja vya namna hii katika Kongo Mashariki ni Cessna Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982. Ilinganishe na Short iliyopita Kindu kwa treni. Caravan kubwa ina mabawa ya mita 15.9, mafupi kidogo kuliko yale ya 1916, tena ni jozi moja tu, yenye eneo la mita za mraba 26 dhidi ya 47. Hata hivyo hubeba uzito wa jumla wa karibu kilo 3,970, zaidi ya mara mbili na nusu. Kila mita ya mraba ya bawa la Short ilishika kilo 33; ya Caravan hushika 153. Hewa ni ileile. Kilichobadilika ni kasi, kwa kuwa kani ya kuinua haiongezeki sambamba na kasi bali kwa mraba wake: kasi ikizidishwa mara mbili, kuinuka kunakuwa mara nne. Injini yake ya tabo yenye nguvu za farasi 675 ndiyo inayolipa deni hilo. Lakini angalia upande wa pili wa hesabu. Caravan iliyojaa, hata ikiwa imeteremsha flapu zake zote nyuma ya mabawa, haiwezi kubaki hewani chini ya noti 61, yaani kilomita 113 kwa saa. Mwendo wake wa chini kabisa ni mkubwa kuliko mwendo wa juu kabisa wa ndege ya Behaeghe. Ndiyo maana Short ilihitaji ziwa na subira, na Caravan inahitaji kiwanja kirefu kilicho safi.

Umbo lake linaonyesha kwamba waliolichora walifikiria viwanja vibaya. Bawa liko juu ya kiwiliwili ili lisigonge vichuguu wala vichaka. Magurudumu hayakunjwi, kwa hiyo hakuna mashine ya kuyakunja itakayojaa tope. Flapu ni pana, na zinaposhushwa hulifanya bawa liiname zaidi na kuitupa hewa chini kwa nguvu katika mwendo mdogo.

Kuna jambo ambalo hakuna mhandisi anayeweza kulimaliza kiwandani, nalo ni jinsi mzigo unavyopangwa. Babu zetu waliobeba mzega walijua kwamba mizigo miwili ya uzito sawa bado itakuangusha ukisogeza bega mahali pasipostahili. Ndege ni hivyo hivyo: ina kitovu cha uzito, na kitovu hicho lazima kibaki ndani ya sehemu finyu karibu na bawa. Kikienda mbele mno, mkia hauna nguvu ya kuinua pua wakati wa kutua. Kikirudi nyuma mno, pua inapanda yenyewe hadi bawa linaacha kazi, na kuishusha hakuwezekani. Agosti 2010 ndege aina ya Let 410 ilianguka ikikaribia Bandundu, watu 20 wakafa na mmoja akanusurika. Kwa masimulizi yaliyotokana na manusura huyo, mamba aliyefichwa ndani ya begi alitoka, abiria wakakimbilia mbele wote kwa pamoja, na ndege ikapoteza mizani. Magazeti ya dunia yalimshangaa mamba. Kwa rubani, habari yenyewe ni wale watu waliohama viti.

Basi chukua kiwanja cha udongo katika vilima vya Salamabila, saa nane mchana, siku moja baada ya mvua. Tuseme ndege fulani ndogo ya injini ya pistoni inahitaji mita 600 kuondoka ikiwa usawa wa bahari, kwenye lami kavu, katika nyuzi 15. Kanuni ya kukadiria wanayofundishwa marubani ni kuongeza asilimia 10 kwa kila mita 300 za mwinuko na asilimia 10 nyingine kwa kila nyuzi 10 za joto lililozidi kiwango cha kawaida cha mahali hapo. Tukichukua mwinuko na joto la Tongwe, mita 770 na nyuzi 30, umbali unapanda kwa nusu nzima: mita 900. Udongo laini huongeza robo au zaidi, na sasa tunazungumzia mita 1,125 na kuendelea, kabla hatujaitia hesabuni hata gunia moja la ziada. Kiwanja kikiwa na mita 1,000, ndege hiyo haiondoki ikiwa imejaa. Rubani anaweza kungoja alfajiri, nyuzi ziwe 20, udongo uwe umekauka kidogo. Anaweza kupunguza mafuta, kama kuna pa kuyapata njiani. Au anashusha gunia, kisha anashusha jingine, anapima tena, na mwenye magunia anasimama pembeni akiuliza kwa nini jana yalipakiwa na leo hayapakiwi. Huyo anastahili kujibiwa kwa namba, palepale kiwanjani, kwa Kiswahili anachokielewa: joto la saa hii, urefu wa kiwanja, kilo zilizozidi.